Historia ya Marehemu Niliyoisoma Ilula

Vijana wanaotaka kuwa waandishi hunijia nyumbani Iyunga, Mbeya, na wengi wao huja na swali moja: kwa nini vitabu vyangu vina damu nyingi. Mmoja, mtanashati wa miwani, aliniambia juzijuzi kwamba riwaya zangu zingependwa zaidi kama watu waliomo wangepigana kidogo na kupendana sana. Nilimpa chai, nikamwambia anywe aende zake. Hasira ninayo, sikatai, na mume wangu ameshaizoea. Husema mimi nikitulia ndipo yeye huanza kuogopa. Lakini kijana yule alipofika getini nilimwita arudi. Swali lake halikuwa la kijinga, liliulizwa kijinga tu.

Nilianza kwa kumweleza habari za mama.

Mama aliuza nyanya Ilula, kando ya barabara kuu, pale ambapo basi likipunguza mwendo tu kundi zima la wanawake hulikimbilia na visado vya nyanya mikononi. Walikuwa na sheria yao: dirisha ni la aliyeligusa kwanza. Ukiuza kwenye dirisha la mwenzako umetangaza vita, na vita vile havikuwa vya maneno. Nimewaona wakitiana meno, wakivutana nywele hadi ngozi ya kichwa kutoka damu, wakibamizana kwenye bodi la basi huku abiria wakishangilia. Mama alikuwa mfupi, mnene, mpole kanisani na hatari barabarani. Alipigana kwa kichwa. Akishakutwanga kichwa cha pua, kesi yako imekwisha.

Jioni alitusimulia. Hakuanza hata siku moja na kulivyokucha, wala basi lilitoka wapi. Kuna siku aliingia, akatua mzigo, akanawa mikono, akasema, "Kuna jino la mtu kwenye nyanya zangu, litafuteni kabla hamjapika." Kisha akala matonge mawili matatu, kimya, kama vile hakusema kitu. Sisi tuliacha kula. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, na sijapata mwalimu mwingine wa kufungua hadithi. Vijana wananiletea miswada inayoanza na ukungu, na upepo, na jua linalochungulia nyuma ya milima. Nawaambia waweke jino kwanza, ukungu utasubiri.

Ila mama alisimulia ngumi za barabarani tu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli, mtu wa kupima maneno, na mkanda wake ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chao. Tulisikia kila kitu. Asubuhi mama alitoka na jicho limeziba, akajitwisha tenga lake, akaenda, na wanawake wenzake hawakumuuliza kwa sababu nao walikuwa na ya kwao. Siku hizo jioni hapakuwa na hadithi. Mimi na mdogo wangu tulijifunza mapema kwamba kuna kipigo cha kusimulia na kipigo cha kumeza. Nilikichukia kile kimya kuliko nilivyouchukia mkanda, na nadhani ndicho kilichonifanya nianze kuandika.

Kazi yangu ya kwanza ya uandishi ilikuwa ya misibani. Anayeijua misiba ya kwetu anajua kwamba kabla mwili haujashushwa kaburini lazima isomwe historia fupi ya marehemu: amezaliwa wapi, amesoma wapi, ameacha watoto wangapi, ameugua nini, amepelekwa hospitali gani. Msomaji hushika maiki, watu wote hunyamaza, na mwisho hufunga kwa yale maneno ya Bwana kutoa na Bwana kutwaa. Na kwetu historia ya marehemu haikatizwi. Mvua ikinyesha, inasomwa. Mjane akizimia atabebwa, na inaendelea kusomwa. Nilipoanza sekondari Iringa mjini, ukoo uligundua kwamba nina mwandiko mzuri na sauti isiyotetemeka, na tangu hapo kila aliyekufa akawa wangu.

Nilijifunza mengi kwenye kazi ile. Nilijifunza kuukunja uhai wa mtu ukaenea kwenye ukurasa mmoja. Nilijifunza pia kusema uongo kwa Kiswahili safi. Mlevi nilimwita mpenda watu, mchoyo nilimwita mtu wa mipango. Baba alipofariki niliandika kwamba alikuwa mlezi mwenye msimamo, na nyuma ya turubai nikasikia mwanamke mmoja wa barabarani, muuza nyanya mwenzake mama, akikohoa kwa nguvu. Baba mdogo, ambaye baada ya baba ndiye aliyeshika ukoo, alinisifu sana siku ile. Alisema mwandishi mzuri ni yule anayejua cha kuacha. Ni kweli, tena ni ushauri ninaoutoa mpaka leo, ila mimi na yeye hatukubaliani ni kipi hasa cha kuachwa.

Sasa nije kwa mdogo wangu, maana ndiye jibu la swali la yule kijana.

Aliolewa Makongolosi, kule Chunya kwenye dhahabu, na mwanamume mwenye karasha, ile mashine ya kuponda mawe ya machimboni. Mtu mrefu, mcheshi, mikono kama makoleo. Mara ya kwanza alipompiga, mdogo wangu alinipigia simu akicheka, akasema amejigonga kabatini. Mara nyingine alikuja kwangu Iyunga na mtoto wake wa kike mgongoni na taya limehama. Alikunywa uji kwa mrija wiki nzima. Nilitaka kwenda Makongolosi na panga, mume wangu akalificha.

Badala ya panga kikaitishwa kikao cha ukoo Ilula. Wazee wakakaa, wakachinjiwa kuku. Mume wa mdogo wangu akapiga magoti, akalia, akaomba radhi. Baba mdogo akasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Nilimwambia hao si ndugu wanaogombana, huyu ni mtu anayeuawa polepole. Akaniambia mambo ya riwaya niyaache Mbeya. Mama alikuwa jikoni muda wote, anapika, na hakusema neno. Mdogo wangu akarudishwa kwa mumewe na nyimbo. Nilimchukia mama siku ile, mama yangu mzazi, na nilimchukia kwa muda mrefu.

Mdogo wangu alirudi akafa. Simu ilisema ameteleza bafuni akapiga kisogo sakafuni. Hospitali ilielezwa hivyo, ikaandika hivyo. Mume alikubali azikwe kwao Ilula, alikubali haraka mno, na mwili ukaletwa kwanza mochwari Mbeya. Kwa kuwa nilikuwa karibu, mimi na shangazi tukaenda kumwosha na kumvalisha.

Sitapamba hapa. Shingoni palikuwa na alama za vidole, vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili. Mbavu za kushoto ziliingia ndani nilipopitisha kitambaa. Kucha mbili za mkono wa kulia zilikuwa zimeng'oka. Mgongoni palikuwa na michirizi ya zamani, na juu yake michirizi mipya. Kisogoni, ambako tuliambiwa ndiko alikopiga sakafu, hapakuwa na hata nundu. Nilimuuliza shangazi kama anaona. Alisema anaona. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mvalishe, mwanangu. Marehemu hasemwi." Tulimvalisha gauni la mikono mirefu na kola ya juu. Lililetwa na mumewe, na alijua vizuri kwa nini amelichagua lile.

Kabla ya kusafiri nilikwenda kuuliza polisi. Nikajibiwa kwamba karatasi zinasema ajali, na kwamba anayepaswa kulalamika ni ukoo, kwa hiyo nirudi na wazee wangu. Wazee wangu walikuwa Ilula, wanafunga turubai.

Tulipofika, baba mdogo alinipa kazi yangu ya siku zote. Nitaandika kwamba marehemu aliteleza, akakimbizwa hospitali, akafariki ghafla. Akaongeza, kama mtu anayekumbusha jambo dogo, kwamba wakishazika mtoto ataondoka na baba yake, kwa sababu mtoto ni wa upande wa baba na wazee wameshaelewana. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sita. Tangu ashuke kwenye gari hakuwa amesema na mtu. Alikaa ubavuni mwa mama, na kila baba yake alipokohoa huko nje, yeye alifumba macho kwa nguvu.

Hapo nikaelewa kilichobaki. Mdogo wangu nisingeweza kumrudisha. Lakini kama historia itasema bafu, mbele ya watu wote, na wote wakaitikia amina, basi yule mtoto atapanda lile gari na hakuna atakayekuwa na neno la kumzuia.

Nilikaa nyuma ya jiko, nikaandika. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno muuaji, shetani, mnyama, na laana ukurasa mzima. Nikaisoma, nikaona ni takataka. Ilikuwa habari ya hasira yangu, mdogo wangu hakuwemo kabisa. Kila mtu angesema ni dada mwenye uchungu, tena mtunzi wa mambo, na wangenihurumia wakala pilau. Nikaichana. Nikaanza upya na kufuta kila neno linalohukumu, nikabakiza nilichokiona kwa macho na kukishika kwa mikono. Jina la mume sikuliandika kokote. Hili ndilo ninalowapigia kelele vijana mpaka sauti inakauka: msomaji akishaona vidole vitano shingoni, usimwambie mkono ni wa nani. Ataugeukia mwenyewe.

Kosa la wazee lilikuwa la watu waliozoea. Hakuna aliyeomba kuiona karatasi. Miaka yote nilikuwa nimewasomea yaleyale, nao walikuwa wameacha kusikiliza zamani.

Mchungaji alinipa maiki mchana, jua kali, jeneza mbele yangu. Mume alikaa mstari wa mbele, suti nyeusi na miwani ya jua. Upande wa pili, jamvini, alikaa mama na wanawake wa barabarani. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono wala hawakai jamvi moja. Tangu aolewe mdogo wangu, mama hakuwahi kumgusa yule mtu hata kwa bahati mbaya.

Nilianza kama kawaida. Alizaliwa hapa Ilula, alisoma hapa, alibatizwa hapa, aliolewa Makongolosi, ameacha mtoto mmoja. Watu walipepea usoni kwa vitambaa. Kisha nikasoma, "Marehemu alipooshwa na ndugu zake wawili, alikutwa na haya yafuatayo." Nikaanza na shingo.

Vitambaa vilisimama. Nilisoma vidole kimoja kimoja. Nilipofika kwenye mbavu, mwanamke fulani alisema Yesu wangu, taratibu, kama anasali. Baba mdogo alinipungia mkono nifupishe. Nikasoma kucha. Akainuka nusu, akakaa tena, maana mila ilikuwa imemshika suruali. Hakuna mtu aliyewahi kukatiza historia kwenye msiba wa kwetu. Alininong'oneza nifunge. Nilijua kwamba nikishatamka yale maneno ya Bwana kutoa na Bwana kutwaa, maiki si yangu tena. Kwa hiyo sikuyatamka. Nilipomaliza mwili nilirudi nyuma, nikasoma taya, nikasoma uji na mrija. Nikasoma kwamba kilikaa kikao cha wazee, wakala kuku, wakamrudisha.

Hapo kwenye kuku ndipo baba mdogo aliponipiga. Maiki ilikuwa bado mdomoni, na lile kofi likalia kwenye spika mpaka barabarani. La pili lilinipasua mdomo. Nilianguka juu ya mashada ya maua, damu inanitiririka kidevuni, na spika inapiga mluzi. Watu wengi walisimama.

Katika vurugu ile mume aliinuka, akapita mbele ya jeneza bila kulitazama, akamshika mtoto mkono, akaanza kumvutia kwenye gari. Mtoto hakulia. Alijilegeza akakaa chini, akaburutwa hivyohivyo kwenye vumbi, kiatu kimoja kikabaki nyuma.

Mama aliinuka. Hakukimbia. Alivua khanga ya begani, akaifunga kiunoni, akatembea mpaka kwa mkwewe, akamshika tai. Yule mtu mrefu aliinama kwa kuvutwa, na mama akampiga kichwa cha pua. Nilisikia mfupa. Akampiga cha pili kabla hajaanguka. Miwani ilivunjika ikamwingia chini ya jicho. Alimwachia mtoto ili ajishike uso, na hapo wanawake wa barabarani wakafika. Walimpiga kama wanavyojua kupiga, kwa visigino, kwa magoti, kwa meno, bila kelele, na hilo la kukosa kelele ndilo lililonitisha baadaye. Mmoja alikwenda kuchukua koleo la wachimba kaburi. Mchungaji aling'ang'ania mpini, wakavutana, kanzu yake ikachanika begani. Angechelewa kidogo tungezika wawili siku ile.

Mimi nilikuwa chini, namwona anavyotapika damu, na nilifurahi. Sitasingizia kingine. Wanaoniuliza kwa nini watu wa vitabu vyangu wanapigana hivyo wanadhani nashabikia ngumi. Nimeziona kwa karibu mno kuzishabikia, ila sikubali kusema uongo kwamba hazina utamu kwa aliyezisubiri.

Mwenyekiti wa kijiji alipiga simu, askari wakaja wakawatenganisha. Walimnyanyua yule mtu, uso umevimba kama unga uliochachuka. Askari mkubwa aliuliza kuna nini hapa. Baba mdogo akajitokeza, akajifuta jasho, akasema ni mambo ya kifamilia tu, afande, ya nyumbani yataishia nyumbani. Mama alikuwa bado anahema, paji la uso lina damu isiyo yake. Alimsukuma shemeji yake pembeni kwa kiwiko.

"Andika," alimwambia askari. "Ukoo unalalamika. Ukoo ni mimi."

Shangazi alitoka katikati ya watu, akasimama karibu na mama, akasema naye aliyaona yote yaliyosomwa, kwa mikono yake. Ikaamuliwa mazishi yasimame mpaka daktari aupime mwili upya. Jeneza likarudishwa ndani, chakula kikapoa, watu wakaanza kuondoka wawili wawili. Mume walimpakia kwenye gari la polisi.

Nilikaa nje juu ya tenga tupu, kitambaa cha maji mdomoni. Sikuwa na ushindi wowote kichwani. Nilijua kwamba alama kwenye maiti zinaweza kubishaniwa, na kwamba wakili mzuri anaweza kunigeuza mimi kuwa mtunzi wa riwaya aliyetunga. Mtoto bado alikuwa na baba, na baba ana haki zake. Mtoto mwenyewe akaja, kiatu kimoja mguuni, akasimama mbele yangu. Akagusa ile karatasi mapajani mwangu.

"Mama mkubwa, umeruka," alisema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu afike. Nilimuuliza nimeruka wapi.

"Mama aliposema nikimbie."

Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia, kwa sababu alikuwa hajamaliza. Alieleza yote akiwa amesimama, kwa utaratibu, bila kulia. Haikuwa bafuni, ilikuwa jikoni. Sufuria ya wali ilimwagika. Mama yake alikuwa chini, akamwambia kimbia, mwanangu, akasema tena, halafu hakuweza kusema.

Asubuhi nilimpeleka kituoni. Askari wa kike alimkalisha kwenye kiti kirefu, miguu inaning'inia, akamwuliza maswali polepole, naye akajibu yaleyale aliyoniambia mimi, hakuongeza wala kupunguza. Yule askari aliweka kalamu chini, akamwuliza kama ana hakika aliona mwenyewe, au alisikia kwa watu kwamba mama aliambiwa hivi, akafanyiwa vile. Labda alikuwa ameshakimbia.

Mtoto alisema hakukimbia, alikuwa amemshika baba mguu.